Hereni Mbili Ndani ya Kopo

Mwanamwema hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkuta amekaa ujue anamenya viazi au anaumwa, na hata akiumwa viazi alivimenya vilevile. Watu wa kitongoji chake, kule juu ya Lukozi ambako gari hugeuza na mtu akaendelea kwa miguu yake, walizoea kumwona alfajiri akishuka na kapu la karoti, saa nne akipanda na mzigo wa majani ya malisho ya gwatemala kichwani, adhuhuri yuko kwenye matuta, alasiri yuko mlangoni kwa jirani akiuliza jambo ambalo lingeweza kabisa kungoja kesho. Kwake yeye kesho ilikuwa mbali mno. Marehemu mumewe, mzee Ismaili, alikuwa akisema hakuoa mke, alioa mguu na njia.

Tusimcheke sana. Kuna jambo lililomfundisha mama huyu kutotulia. Katika ile miaka ya foleni, sukari ikipimwa kwa kikombe na sabuni ikikatwa kwa uzi, alipoteza kadi yake ya duka la ushirika. Ilidondoka njiani, au mbuzi aliitafuna, hakujua. Alichokijua ni kwamba miezi saba alisimama mbele ya karani aliyemfahamu tangu utoto, aliyekula kwake siku ya Idi, na karani akamwambia, "Bila kadi sikujui." Miezi saba alifua kwa majivu. Tangu hapo kila kitu chenye namba, kiwe karatasi, kiwe bati, kilikwenda moja kwa moja kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likaingia sandukuni, na ufunguo wa sanduku ukafungwa kwenye pindo la kanga. Humo ndani ungekuta kadi ya chama ya marehemu, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, na cheti cha elimu ya watu wazima kinachosema Mwanamwema anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Duka la ushirika likafungwa, likawa ghala la viazi vya mtu mmoja kutoka Tanga. Malori ya watu binafsi yakaanza kupanda mlima yenyewe kufuata kabichi na nyanya, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, na mtu aliyekuwa na fedha alinunua sabuni mche mzima bila kuulizwa jina. Mwanamwema alilifurahia jambo hilo, lakini hakuliamini. Kadi mpya ya duka, aliyoipata baada ya ile miezi saba, hakuitupa.

Basi mwaka wa tisini na nne kikundi cha akina mama wafugaji kikaambiwa kwamba mitamba sita wa maziwa, wote wana mimba, watanunuliwa Kenya na kuletwa kwao. Wangekuwa ng'ombe wadogo wa rangi ya kahawia, wa aina ya Jezi, wanaokula kidogo na kutoa maziwa mazito, wanaofaa kufugwa bandani kwenye miteremko yetu ambako ng'ombe mkubwa akiteleza unamfuata bondeni. Atakayepewa mtamba atatoa jike la kwanza litakalozaliwa na kulikabidhi kwa mkono wake kwa mwenzake anayefuata kwenye orodha. Mwanamwema alikuwa amesubiri kwenye orodha hiyo miaka minne, yeye ambaye kusubiri chai ichemke kulimpa tumbo joto.

Bwana mifugo wao aliitwa Hezekia, mtu wa pole, mrefu, mwenye pikipiki iliyokuwa ikikosa mafuta kuliko ilivyokuwa ikiyapata. Alikuja kuwaeleza mambo ya mpakani.

"Akina mama, ng'ombe hapiti mpaka kwa sura yake," alisema. "Anapita kwa karatasi. Kuna kibali cha kumwingiza. Kuna cheti cha daktari wa kule kwamba amepimwa kifua kikuu, amepimwa ugonjwa wa kutupa mimba, ameogeshwa kupe, amechanjwa. Na kila cheti kina namba, na namba hiyo iko kwenye hereni ya bati sikioni. Namba ya sikioni na ya kwenye cheti zikitofautiana, huyo si ng'ombe wetu."

"Kumbe Hija ni rahisi," alisema mama mmoja, na wenzake wakacheka. Mwanamwema hakucheka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake.

Wakifika hapa, Hezekia aliendelea, watakaa karantini siku thelathini, mbali na ng'ombe wengine, na damu itapimwa tena. Ugonjwa wa kutupa mimba una tabia ya kujificha kwenye mwili wa mtamba. Leo unapima huuoni, baada ya wiki chache unaibuka. Anatakiwa mtu mmoja tu wa kuwahudumia, na mwingine yeyote asiingie bandani. Hapo macho yote yakamgeukia Mwanamwema. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya msitu, na kila mtu alijua kwamba huyu hata akilala miguu yake iko macho.

Mitamba wakaja kwa lori, kupitia Moshi na Mombo, wamechoka, wana macho makubwa meusi kama ya watoto walioamshwa. Waligawanywa kwa kura ya kamba: kamba sita zilipitishwa chini ya ukuta wa mbao, akina mama wakasimama upande wa nje wasimwone mnyama hata mmoja, kila mtu akachagua ncha yake na kuivuta. Namba za masikioni zingeandikwa mbele ya majina baadaye, majibu ya damu yakirudi, ili mtu asije akaanza kulilia namba. Mwanamwema alivuta mtamba mwenye kope ndefu, akamwita Subira. Walimcheka siku mbili nzima kwa jina hilo. Raheli, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alivuta wa pembeni yake, akamwita Neema.

Raheli huyu ni vizuri mmjue. Alikuwa mdogo kwa Mwanamwema kwa miaka kumi na ushei, Mlutheri, mjane kama yeye, mwenye nyonga mbovu iliyomfanya atembee akiyumba. Mzee Ismaili alipofariki, ni Raheli aliyepika chai ya waombolezaji tangu siku ya kwanza hadi arobaini, na hakuna aliyemwomba. Banda la Neema alilijenga yeye mwenyewe, kwa mawe aliyoyatoa mtoni moja moja, nyonga ikimlilia. Kila siku alileta majani, akayaweka kwenye uzio na kuchungulia kwa mbali, maana Mwanamwema hakumruhusu mtu kusogea. Alikuwa ameweka beseni la dawa mlangoni na hata shehe, alipokuja kusalimia, alivuliwa kandambili na kukanyagishwa.

Siku ya kumi na nne Hezekia alitoa damu, akaandika kila kichupa namba ya hereni, akaondoka. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na yaliharibika kwa sababu ya uangalifu.

Sikio la Subira lilianza kuvimba. Siku iliyofuata la Neema nalo likavimba. Bati lilikuwa limebana, mvua ya manyunyu ilikuwa haikatiki, na usaha ukaanza kutoka. Mwanamwema alituma salamu kwa bwana mifugo. Salamu zilirudi kwamba pikipiki haina mafuta. Angengoja? Nani angengoja! Akaazima koleo kwa fundi baiskeli, akaibana shingo ya mnyama kwa goti, akaifungua hereni ya Subira, kisha ya Neema. Aliyaosha masikio kwa maji ya chumvi ya vuguvugu asubuhi na jioni. Wiki haikuisha, yakapona, yakabaki matundu mawili safi.

Na hereni je? Mwenzangu na mimi tungezifunga kwa uzi pembeni, kila moja kwenye kamba ya mnyama wake. Mwanamwema aliziangalia zile hereni mbili za bati kiganjani, moja imeandikwa thelathini na moja, nyingine thelathini na sita, akafikiria pango la panya chini ya hori, akafikiria tope, akamfikiria yule karani. Namba si kitu cha kuchezewa na ng'ombe. Akazitia kwenye kopo, kopo akalitia sandukuni, akafunga. Alikuwa anajua vizuri sana kwamba thelathini na moja ni ya Subira. Namba hiyo alikuwa ameshaikariri kama jina la mjukuu.

Majibu yalikuja Jumanne. Hezekia alifika kwa miguu, uso umesawijika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, bwana mifugo. Kanyaga dawa kwanza."

Alikanyaga. Raheli alikuwa kwenye uzio na mzigo wake wa majani, naye akamwamkia, macho kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

"Watano ni wazima," Hezekia alisema. "Mmoja ana brusela. Ule ugonjwa wa kutupa mimba. Ni namba thelathini na moja. Lazima achinjwe na kufukiwa, mama, hakuna njia nyingine. Akibaki atawaambukiza wote, na maziwa yake yatawapa watu homa isiyoisha. Ni nani thelathini na moja?"

Mwanamwema alihisi masikio yake mwenyewe yakiziba. Hezekia aliingia bandani, akashika sikio la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwenye la tano akasita. Kwenye la sita akageuka.

"Hawa wawili, hereni zao ziko wapi?"

"Ziko salama," alisema Mwanamwema, na lililo la ajabu ni kwamba hata katika dakika ile alisema kwa fahari. Alikimbia ndani, akarudi na kopo. "Masikio yalioza, nikazitoa. Hakuna hata moja iliyopotea."

Hezekia alizipokea. Alizitazama kiganjani, akawatazama wale mitamba wawili wa kahawia, wote wa kimo kimoja, wasio na doa wala baka. Akafungua vyeti vyao. Kwenye sehemu ya maelezo, vyote viwili vilikuwa vimeandikwa kitu kimoja: kahawia, hana alama.

"Mama Mwanamwema," alisema polepole, "hii ilitoka kwa yupi?"

Subira alikuwa akicheua, kope zimeshuka nusu. Kila asubuhi mnyama yule alikuwa akimlamba kiwiko, na ulimi wake ulikuwa mkavu kama brashi ya kufulia. Miaka minne kwenye orodha.

"Dada, sema basi," alisema Raheli kutoka kwenye uzio.

"Zilichanganyika," alisema Mwanamwema. "Sijui."

Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halikurudi. Hezekia alivua kofia yake, akajifuta uso.

"Basi ni wote wawili," alisema. "Ng'ombe asiye na namba hana cheti, na asiye na cheti ni kama hakuvuka mpaka kihalali. Siwezi kumwacha hai mmoja kwa kubahatisha. Nikisema nipime tena, vichupa vimekwisha, na amri niliyonayo ni ya wiki hii. Nitakuja Ijumaa na watu."

Raheli alikaa chini kwenye majani aliyoyaleta.

Sitaki kumsingizia Mwanamwema kwamba ni mwovu. Siku ile alikuwa na hoja, na siku iliyofuata akawa na hoja zaidi. Labda maabara imekosea. Labda Ijumaa haitafika, pikipiki itakosa mafuta tena. Na kama ni kufa, wafe wote wawili. Si wanasema kifo cha wengi harusi? Hoja zile zilikuwa nzuri, lakini hazikumruhusu kukaa. Jumatano alikata gwatemala ya siku nne. Alifagia banda mara tano. Alishuka Lukozi bila kitu cha kuuza, akapanda tena, akakuta amesahau kwa nini alishuka. Chakula kilipopoa alikipasha moto, kikapoa tena. Mitamba wanne wenye hereni walimtazama akipita, na yule wa tano, Neema, alikuwa na tabia ya kuinua kichwa kila alipokaribia, akidhani ameletewa kitu. Mwanamwema alianza kuzunguka banda kwa upande wa nyuma ili asionane naye.

Alhamisi asubuhi Raheli alikuja. Nyonga ilikuwa imemzidi, alikuwa ameshika fimbo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Aliweka mafungu mawili ya matembele kwenye uzio. "Hili la Neema," alisema. "Ale vizuri siku hizi. Na hili nimemletea Subira. Hawana kosa, maskini." Kisha, kwa kuwa alimwona mwenzake amesimama kama mti uliopigwa shoka, akaongeza kwa sauti ya kubembeleza, "Usijilaumu, dada. Masikio yalioza, ulifanya la huruma. Ungejua ungesema."

Nimewahi kusikia watu wakitukanwa matusi ya nguoni. Sijui tusi lililomwingia mtu kama lilivyomwingia Mwanamwema neno lile la upole. Alijibu kitu, hakukumbuka nini. Raheli alipovuka kijito na kupotea kwenye migomba, yeye alikuwa ameshafunga kanga kiunoni. Basi la Lushoto lilikuwa limeondoka alfajiri na lori la kabichi lililokuwepo lilikuwa halijajaa. Alishika njia kwa miguu.

Alipita Malindi, akapita msitu wa Magamba ambako baridi hukaa hata mchana, akikata kwenye vichochoro vya watu wa kuni. Watu aliokutana nao walimwamkia, akaitikia bila kusimama. Njia nzima alikuwa akijisemea maneno atakayoyasema, na kila alipoyapanga yalipangika kama udhuru, akayaacha. Saa tisa alifika ofisi ya mifugo Lushoto, kandambili moja imekatika na kaibeba mkononi.

Hezekia alikuwa peke yake, anatafuna hindi la kuchoma juu ya meza ya karatasi. Alisimama kwa mshangao.

"Shikamoo mama! Karibu kiti, ukae."

"Sikai," alisema Mwanamwema. "Thelathini na moja ni wa kwangu. Ni Subira. Sikuchanganya kitu. Nilijua tangu Jumanne."

Hezekia aliliweka hindi chini. Alimtazama, akaiangalia ile kandambili.

"Na mimi nitaaminije? Jumanne uliniambia hujui."

"Sijui utaaminije."

Bwana mifugo alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," alisema. "Nimedanganywa kuhusu ng'ombe kwa kila namna. Ng'ombe mzee ameitwa ndama, ng'ombe wa wizi ameitwa wa mahari. Lakini mtu wa kutembea kutoka Lukozi aje adanganye ili achinjiwe ng'ombe wake, huyo sijamwona." Akavuta karatasi. "Nitaandika maelezo yako, utatia saini. Nitaandika pia kwamba ulizing'oa hereni bila ruhusa."

"Liandike."

"Neema atabaki karantini mpaka apimwe tena mara mbili. Akiwa safi, atavishwa namba mpya. Ila Subira ni kesho."

"Najua ni kesho," alisema Mwanamwema, akainama kutia saini. Aliziandika herufi zake moja moja, kwa mkono ule aliofundishwa na elimu ya watu wazima, na peni ilitoboa karatasi mahali pawili.

Jua lilikuwa linatua alipofika mlangoni kwa Raheli. Safari hii lori lilimbeba, tupu, linarudi kufuata mzigo. Alisema palepale kizingitini, kwa Kishambaa, maana mambo ya namna hiyo hayasemeki vizuri kwa lugha ya ofisini. Raheli alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ubao wa mlango.

"Neema hachinjwi?"

"Hachinjwi."

"Jumanne," alisema Raheli, akikunja kidole. "Jumatano. Na leo asubuhi, nilipokuja na matembele." Vidole vitatu. Akaingia ndani, akaurudisha mlango taratibu, bila kuubamiza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ijumaa walikuja watu watatu na Hezekia, na shimo likachimbwa chini ya shamba, na chokaa ikawekwa tayari. Subira alikataa kufuata watu asiowajua. Alikita miguu, akavuta, akalia. Ikabidi Mwanamwema mwenyewe ashike kamba. Mnyama yule alishuka nyuma yake hatua kwa hatua kama mtoto anayepelekwa kliniki, na kwenye ukingo wa shimo akamlamba kiwiko. Mwanamwema alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele za watu. Sioni aibu kulisema hilo na yeye hakuona aibu kulifanya.

Neema alipimwa mara mbili na mara zote mbili akawa safi. Alivishwa hereni mpya, akahamia kwenye banda lake la mawe, na wiki ya tatu akazaa jike. Kikundi kikakaa. Kwa kuwa Mwanamwema alibaki bila mtamba, akina mama waliamua yeye ndiye aandikwe kupokea jike la kwanza, na jike la kwanza ndilo hilo la Raheli. Wengine walisema anastahili adhabu, si ndama. Wengine wakasema adhabu ameshaipata. Raheli hakusema neno upande wowote. Lakini kanuni ilikuwa pale pale: mtoaji ndiye anayekabidhi kamba kwa mkono wake, na asipoikabidhi hakuna wa kumlazimisha.

Miezi sita ndama aliachwa anyonye na akue, na miezi hiyo sita Mwanamwema hakujua kama atampata. Kwetu ugomvi haufuti shikamoo. Kila siku walikutana mtoni au njiani, na kila siku Raheli alimwamkia, "Shikamoo," naye akajibu, "Marahaba," na ikaishia hapo. Ilikuwa shikamoo kavu, isiyo na "dada" mwishoni. Mwanamwema angependa atukanwe. Alirekebisha banda lake tupu mpaka likawa halina cha kurekebishwa, akalibomoa upande mmoja, akalijenga upya. Alipanda gwatemala kwenye kingo za matuta ambazo hazikuhitaji. Mara tatu alivuka kijito akiwa na neno la kusema, mara tatu akaishia kuomba moto.

Siku ya kukabidhi ilipofika, akina mama walikusanyika uani kwa Raheli. Hezekia alikuja na koleo la kuvishia hereni na hereni moja ndogo ya bati. Ndama alikuwa wa kahawia, hana alama, na alikuwa akiruka ruka mwishoni mwa kamba. Raheli alikuwa ameishika kamba hiyo, na hakuinyoosha.

"Nataka kumuuliza dada swali moja," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alikuwa amemtazama usoni. "Kama thelathini na moja angekuwa Neema wangu, na wa kwako ndiye mzima. Ungesema lini?"

Mwanamwema aliiona njia ya kupita. Ilikuwa pana. Angeweza kusema angesita vilevile, kwamba alichanganyikiwa, kwamba huruma ya wanyama ilimziba mdomo. Wenzake wangeitikia, na jambo lingekwisha. Aliitazama kamba. Miguu yake, ambayo haikuwahi kutulia mahali, ilikuwa imesimama tuli.

"Ningesema palepale," alijibu. "Kabla bwana mifugo hajavua kofia."

Mama mmoja akaguna. Hezekia akaangalia chini.

"Najua," alisema Raheli. "Nilitaka nione kama utanidanganya mara ya pili." Akasogea akiyumba kwa ile nyonga yake, akamtia mwenzake kamba mkononi na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Mshike vizuri sikio, dada. Na hereni hii ibaki hapo hapo."